Sentensi Iliyochelewa: Utabiri wa Januari 12, 1888

Ukisoma utabiri wa siku mbili tatu wa majira ya baridi kutoka Marekani, sentensi zake zinafanana mno. Theluji milimani. Hewa baridi kushuka kutoka Kanada. Upepo kugeuka na kuvuma kutoka kaskazini. Usiku baridi kuongezeka. Hazina madoido, aliyeziandika hajulikani, na kesho yake hazina kazi tena, kama gazeti la kufungia maandazi. Sisi wapenzi wa vitabu tunajadili riwaya, tunajadili mashairi, tunagombana kuhusu tafsiri, lakini sentensi za namna hii hatuzihesabu kabisa kuwa maandishi.

Leo naomba tuzihesabu. Mimi ni mtu wa pwani, baridi yangu ni ya kipupwe, ile ya kuongeza shuka la pili. Lakini kuna utabiri mmoja wa theluji na baridi ambao nimeusoma na kuurudia kama mtu anavyorudia ubeti mgumu. Ulitolewa usiku wa kuamkia Januari 12, 1888, katika mji wa St. Paul, Minnesota. Kwa sehemu kubwa ulikuwa sahihi. Na bado watu wapatao 235, ndiyo hesabu inayotajwa mara nyingi, walikufa ndani ya kile ulichokitabiri, wengi wao wakiwa watoto wa shule. Kwa hiyo swali langu si kwamba sayansi ilikosea wapi. Swali langu ni la msomaji: sentensi iliyo sahihi inashindwaje kumwokoa mtu?

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema utabiri, na neno hilo lina ukoo wake. Mzizi ni wa Kiarabu, na huko linahusiana na kufasiri, hasa kufasiri ndoto. Ndiyo maana mpaka leo mtabiri anaweza kuwa mtaalamu wa hali ya hewa redioni, na anaweza kuwa mzee wa ramli kule uchochoroni. Neno moja limewabeba wote wawili.

Waingereza nao waliuhangaikia mkanganyiko huohuo. Robert FitzRoy, yule nahodha aliyeiongoza meli ya Beagle wakati Charles Darwin yumo ndani, ndiye aliyewekwa mwaka 1854 kuongoza idara mpya ya hali ya hewa ya serikali ya Uingereza. Oktoba 1859 dhoruba ikaivunja meli ya Royal Charter kwenye pwani ya Anglesey, watu kama 450 wakafa. FitzRoy akaamini kwamba kwa kutumia telegrafu mtu angeweza kuijua dhoruba iliko na kuwaonya walio mbele yake. Agosti 1, 1861, gazeti la The Times likachapa utabiri wake wa kwanza kwa umma. Alichagua neno forecast kwa makusudi, na akasisitiza kwamba si unabii wala uaguzi, ni maoni yaliyotokana na hesabu na uchunguzi. Haikusaidia sana. Alipokosea alichekwa, na alipopatia watu walisahau. Mwaka 1865 alijiua, na mwaka uliofuata ule utabiri wa kila siku ukasimamishwa kwa miaka kadhaa.

Wamarekani waliliogopa neno hilo zaidi. Cleveland Abbe alianza kutoa taarifa zake mjini Cincinnati mwaka 1869, na mwaka 1870 serikali ikalikabidhi jeshi kazi hiyo, yaani kikosi cha mawasiliano kilichokuwa na nyaya za telegrafu. Taarifa zao hawakuziita utabiri. Waliziita "Uwezekano", na Abbe akabatizwa jina la utani, Mzee Uwezekano. Mark Twain alimtania hadharani katika hotuba yake ya Desemba 1876 kuhusu hali ya hewa ya New England. Mwaka huohuo wa 1876 jina likabadilishwa, zikaitwa "Dalili". Neno utabiri lilikubaliwa rasmi mwaka 1889 tu.

Sisi tunaosema dalili ya mvua ni mawingu tutalipenda neno hilo la pili. Dalili haikuahidi kitu. Inakuonyesha wingu, inakuachia wewe uamue kama utaanua nguo. Ni neno la mtu muungwana na mwangalifu. Lakini tukumbuke kwamba Januari 1888 iliangukia katika kipindi hichohicho cha "Dalili", mwaka mmoja kabla ya watu hao kukubali kusema wazi kwamba wanatabiri.

Afisa wa dalili katika ofisi ya St. Paul alikuwa Luteni Thomas Woodruff. Ofisi yake ilikuwa mpya, ilifunguliwa miezi michache tu kabla, ili tambarare za kaskazini zisisubiri kila kitu kutoka Washington. Mara tatu kwa siku vituo vilimletea vipimo kwa telegrafu: mgandamizo wa hewa, joto, upepo. Yeye na wasaidizi wake wakavichora kwenye ramani, wakaunganisha mistari, wakaisoma ile michoro na kuandika aya fupi. Aya hiyo ikarushwa kwenye nyaya, kwa magazeti na kwa vituo.

Tambarare zenyewe zinahitaji maelezo kidogo, maana bila hayo msomaji wa huku hatauona mtego. Milima ya Rocky imesimama kama ukuta kutoka kaskazini kwenda kusini. Hewa ya Aktiki ni baridi na nzito. Ikishuka kutoka Kanada haiwezi kuupanda ukuta huo kwa urahisi, basi inateleza kando yake, upande wa mashariki, juu ya nchi tupu isiyo na msitu wa kuipunguza kasi. Wakati huohuo, eneo la mgandamizo mdogo wa hewa linalotangulia mbele huvuta hewa vuguvugu kutoka kusini. Matokeo yake ni kwamba saa chache kabla ya baridi mbaya kabisa, hali mara nyingi inakuwa nzuri. Jua linachungulia, theluji inalainika, mtu anafungua vifungo vya koti. Leo mstari unapokutana hewa hizo mbili tunauita front, neno ambalo wanasayansi wa Bergen, Norwei, walilichukua kutoka kwenye medani za Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1888 neno hilo halikuwepo. Woodruff aliuona mstari ule kwenye ramani yake bila kuwa na jina la kuuita.

Sasa tuisome aya yake. Taarifa iliyotolewa karibu na saa sita usiku, kwa maneno yangu, ilisema hivi: wimbi la baridi linaonekana kuja Dakota na Nebraska usiku wa leo na kesho, theluji itapeperushwa na kurundikana sana leo na kesho katika Dakota, Nebraska, Minnesota na Wisconsin. Basi.

Isome tena polepole, kama tunavyosoma mashairi. "Leo" hapo ni Alhamisi, Januari 12. Kwa hiyo baridi inakuja usiku wa Alhamisi. Mtu anayeipata sentensi hii asubuhi, kama ataipata, anaelewa nini? Anaelewa kwamba mchana ni wake. Ana nafasi ya kupeleka ng'ombe majini, kwenda mjini kununua mafuta ya taa, kupeleka watoto shule na kuwarudisha. Halafu hilo la theluji kurundikana, hiyo ni lugha ya reli. Theluji ikirundikana, treni zinakwama. Na wimbi la baridi lilikuwa lugha ya biashara: msafirishaji wa matunda na nyama, mwenye mifugo, mwenye mabehewa. Hao ndio waliokuwa wasomaji wakubwa wa onyo la baridi miaka ile. Kwenye miji yenye kituo, onyo hilo lilipandishwa pia kama bendera nyeupe yenye mraba mweusi katikati. Bendera hiyo mwenye stoo karibu na stesheni angeiona. Mwalimu wa kike mwenye miaka 19, kwenye kibanda cha shule maili kadhaa kutoka mjini, angeionea wapi?

Hakuna neno hata moja katika aya ile linalosema upepo huo unaua. Hakuna linalosema usitoke. Afisa wa dalili ametoa dalili, kazi yake imekwisha. Simlaumu kama mtu. Alifuata lugha aliyokabidhiwa na mkondo wa nyaya aliokabidhiwa. Lakini aya ina mwandishi na ina msomaji anayefikiriwa, na msomaji aliyefikiriwa hapa hakuwa mtoto.

Wiki ile ilikuwa imetanguliwa na theluji nyingi na siku za baridi kali. Asubuhi ya tarehe 12 ikawa vuguvugu ajabu. Watu waliokuwa wamefungiwa ndani walitoka kama wafungwa waliofunguliwa. Watoto walikwenda shule bila makoti mazito. Dhoruba ilikuwa imekwishapita Montana alfajiri. Ikaivuka Dakota tangu asubuhi hadi mchana, ikafika Lincoln, Nebraska, saa tisa alasiri. Kwa maneno mengine, katika sehemu kubwa ya nchi ile iliwakuta watoto madarasani au njiani kurudi nyumbani. Haikungoja usiku.

Walioiona waliielezea kwa namna zinazofanana: ukuta mweusi upande wa kaskazini magharibi, ngurumo kama za treni, halafu giza. Theluji yenyewe haikuwa vile vipande vyepesi tunavyoviona kwenye filamu. Ilikuwa vumbi la barafu, laini kama unga wa ngano, inaingia puani, inagandisha kope zikashikana. Mtu hakuona mkono wake mwenyewe. Usiku ule joto lilishuka hadi nyuzi 29 chini ya sifuri, na kwingine lilikaribia 40 chini ya sifuri.

Karibu na Plainview, Nebraska, mwalimu Lois Royce alikuwa na wanafunzi watatu shuleni, wavulana wawili wa miaka tisa na msichana wa miaka sita. Kuni zilipokwisha aliamua kuwapeleka nyumba aliyopanga, isiyozidi mita mia moja kutoka shuleni. Mita mia moja, yaani umbali wa kwenda dukani kununua chumvi. Wakapotea. Watoto wote watatu walikufa kwa baridi, na yeye akabaki hai akakatwa miguu. Katika wilaya ya Holt, mwalimu kijana Etta Shattuck alijichimbia kwenye rundo la nyasi kavu akakaa humo saa 78 kabla ya kupatikana. Alikatwa miguu, na wiki chache baadaye akafa.

Na kuna Minnie Freeman, mwalimu wa shule karibu na Ord, Nebraska. Upepo ulipong'oa paa aliwaongoza wanafunzi wake mpaka kwenye nyumba ya jirani, wote wakapona. Magazeti yakampenda. Akatungiwa wimbo, akaletewa posa na watu asiowajua. Idadi ya wanafunzi inabadilika kutoka simulizi moja hadi nyingine, na wengine wanasema aliwafunga kwa kamba huku wengine wakikana kwamba kamba ilikuwepo. Nadhani tunaielewa haja ya kamba hiyo. Wasimulizi walitaka kitu cha kushika.

Mtu anaweza kusema, basi, tatizo lilikuwa mwendo tu. Telegrafu haikufika mashambani, na leo kila mtu ana simu mfukoni. Ni kweli kwa sehemu. Lakini angalia lugha. Wengi wa walowezi wale walikuwa wametoka Norwei, Ujerumani, wengine vijiji vya Kijerumani ndani ya himaya ya Urusi. Walikuja kwa sababu sheria ya mwaka 1862 iliwaahidi ekari 160 za ardhi, ardhi iliyokuwa ya Wadakota na mataifa mengine ya wenyeji wa Marekani. Kiingereza wengi walikuwa bado wanajifunza. Neno blizzard lenyewe lilikuwa changa kwa maana ya dhoruba ya theluji: gazeti la Estherville, Iowa, lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kulitumia hivyo, mwaka 1870. Kabla yake lilimaanisha kipigo au mlio wa bunduki. Nchi ilikuwa na kitu kinachoua ambacho jina lake halijafikisha hata miaka 20 katika magazeti. Wenyeji waliokuwa na maneno ya zamani kuhusu anga ile walikuwa wamesukumwa kwenye maeneo yaliyotengwa.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Laura Ingalls Wilder. Riwaya yake The Long Winter, iliyotoka mwaka 1940, inahusu majira ya baridi ya 1880 na 1881 katika mji wa De Smet, Dakota. Mwaka 1888 yeye mwenyewe alikuwa bado anaishi karibu na mji huo, mke na mama wa mtoto mdogo. Katika riwaya hiyo kuna utabiri. Mzee mwenyeji anaingia dukani, anasimama mbele ya wanaume wa mji na kuwaambia kwa maneno machache kwamba baridi ya mwaka huo itakuwa kubwa na itadumu miezi. Akimaliza anaondoka. Baba yake Laura anaamini, anahamisha familia kutoka shambani kwenda mjini, na wanapona. Tunaweza kumlaumu Wilder, na kwa haki, kwa jinsi anavyomchora mzee huyo kama kivuli kisicho na jina. Lakini kama tukio la lugha, utabiri ule una kila kitu ambacho aya ya St. Paul ilikosa. Una uso. Unasemwa kwa watu wanaohusika, mahali walipo. Unasema ni hatari, hausemi ni dalili.

Miezi miwili baada ya Januari ile, kati ya Machi 11 na 14, dhoruba nyingine ikaipiga New York na pwani ya mashariki, ikaua zaidi ya watu 400. Huko utabiri ulikosea kabisa; ulitarajia mvua kisha hali kutengemaa. Na ajabu ni kwamba dhoruba hiyo ndiyo iliyopata umaarufu, kwa sababu ilipiga mahali penye magazeti, wapiga picha na mabenki. Nyaya za jiji zikazikwa ardhini. Baada ya miaka mitatu, mwaka 1891, huduma ya hali ya hewa ikaondolewa jeshini ikapelekwa wizara ya kilimo. Ukiniuliza, hicho ndicho kilikuwa kibali cha kwanza, hata kama kilichelewa, kwamba msomaji wa utabiri ni pamoja na mtu wa shamba.

Waliopona tambarare walibaki na kazi ya kujiandikia wenyewe. Mwaka 1940 wazee wao walianzisha chama mjini Lincoln, wakikusanya kumbukumbu, na mwaka 1947 zikatoka kitabu kilichohaririwa na W. H. O'Gara, In All Its Fury. Mshairi Ted Kooser akazisikiliza sauti hizo akaandika The Blizzard Voices, mwaka 1986. David Laskin akakusanya hati za jeshi na simulizi za familia katika The Children's Blizzard, 2004. Ndani ya bunge la jimbo la Nebraska kuna picha ya vijiwe ya Jeanne Reynal inayoonyesha dhoruba hiyo. Nikizipima kazi hizi pamoja, naona wote wanafanya kitu kimoja: wanarudisha mtu ndani ya sentensi. Pale Woodruff aliposema Nebraska, wao wanasema mtoto wa miaka sita.

Na watabiri nao wamejifunza, polepole. Tangu mwaka 2012 idara ya hali ya hewa ya Marekani ilianza kuandika maonyo yanayotaja madhara, yaani si upepo wa kasi fulani tu, bali utaezua paa lako. Oktoba 2024 ikabadilisha jina la onyo lake la baridi ya upepo, likawa tu onyo la baridi kali kupita kiasi, kwa sababu watu walidhani bila upepo baridi haiui. Huu ni uhariri, ndugu zangu. Ni kazi ileile ya kufuta neno la kitaalamu na kuweka linaloeleweka.

Kwetu theluji iko mlimani tu, Kilimanjaro na ndugu zake, na hata maneno yake tumeyaazima: theluji kwa Waarabu, barafu kwa Waajemi, ambao kwao neno hilo ni theluji yenyewe. Lakini swali la sentensi tunalo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutofautisha angalizo na tahadhari. Jiulize kama jirani yako anaijua tofauti hiyo. Kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani mwanzoni mwa Mei 2024, taarifa zilifika mapema, na mvuvi aliyezisikia alitaka kujua jambo moja tu: nitoke au nisitoke?

Jibu la swali hilo ndilo lililokosekana St. Paul. Woodruff aliijua baridi, aliijua na njia yake. Alichokiandika ni "usiku wa leo". Kwa mtoto wa Nebraska aliyeacha koti nyumbani, maneno hayo yalikuwa na maana ya kwamba bado kuna mchana.